Maksi za Nazira Hazisomwi Ukutani

Jumamosi, 11 Agosti 2012. Palma, Msumbiji.

Benchi la mbele ya duka la Ossufo limeniponza tena. Tulikuwa tunasubiri adhana ya magharibi, matumbo yanaunguruma, na maneno ni yale yale: gesi. Meli ziko baharini, wageni wamejaza kila chumba mjini, hata banda la kuku la jirani limepakwa chokaa likapata mpangaji. Ossufo ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, na mtu wa majivuno. Akatangaza mbele za watu kwamba kampuni zitawagombania wanaosoma jiolojia chuoni Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, na kwamba mwanawe Latifo ana kumi na saba juu ya ishirini.

Nikasema binti yangu Nazira, anayesoma naye, ana kumi na nane.

Nimeitoa wapi? Sijui. Mfungo unapandisha kichwani mambo ya ajabu.

Mama yetu, Bi Awa, alikuwa ukumbini anasikia kila kitu. Akahukumu papo hapo: watoto wanakuja Idi, na baba atakayeonekana mwongo atachinja mbuzi wake. Ossufo akacheka. Mimi nikacheka zaidi. Nina mbuzi mmoja tu!

Jumapili, 12 Agosti.

Mke wangu Atija anasema nimpigie Nazira simu nimwulize, eti yaishe. Wanawake bwana! Nitamwulizaje mtoto jambo ambalo nimeshalitangaza? Atajua kwamba sijui. Baba hamwulizi mtoto, baba anajua.

Nina njia bora. Enzi za sekondari maksi zilibandikwa ukutani, pauta ndefu yenye majina yote, na mji mzima ukisoma. Nilijua mtoto wa imamu amefeli kemia kabla imamu mwenyewe hajajua, nikampelekea pole. Chuo nacho hakikosi ukuta. Kesho alfajiri, Pemba!

Kanzu za Idi za wateja ziko kwenye cherehani, hazina mikono. Zitasubiri.

Jumatatu, 13 Agosti. Njiani, kisha Pemba.

Msafiri ana ruhusa ya kula. Nimeanza kuitumia Olumbi. Mzee mmoja ndani ya gari akanikata jicho, akasema Palma bado inaonekana kwa nyuma. Nikamjibu kwamba kwa nia nimeshafika Pemba. Mandazi ya Olumbi mazuri sana.

Jumanne, 14 Agosti.

Ukuta nimeuona. Pauta nimeiona. Majina hakuna! Namba tupu, ndefu kama za simu. Mwanafunzi mmoja akanieleza kwamba kila mtu ana namba yake na anaijua mwenyewe, maksi ni siri ya mtu. Siri! Kwenye ukuta! Nikashuka na kidole mpaka nikakuta kumi na nane. Nikampa Nazira. Chini kidogo nikakuta kumi na tisa, nikamhamishia hapo. Halafu nikakumbuka kwamba Latifo naye yumo humo humo, nikaondoa kidole haraka.

Nikaingia sekretaria, ofisi ya faili za wanafunzi. Mwenye makabati ni Dona Belmira, mama wa Mueda kule bara, mpole, kama ukuta wa benki ulivyo mpole. Nikajitambulisha: baba wa Nazira. Akanikaribisha kiti, akaniuliza hali ya Palma, akaninyima. Amesema Nazira ni mtu mzima na faili ni lake. Akija mwenyewe akiridhia, litafunguliwa mbele yangu. Asiporidhia, halifunguliwi hata aje gavana. Nikamkumbusha nani anayemlisha Nazira. Akasema ndiyo maana Nazira ananisifu sana pale ofisini. Ananisifu! Nimetoka nje nimefurahi mpaka nikasahau kwamba nimeshindwa.

Jumatano, 15 Agosti.

Akili imenijia wakati wa daku. Kama ya Nazira sipewi, nichukue ya Latifo! Nikijua yake, nitajua pa kusimama. Wala si uongo. Mtoto wa kaka yangu ni mwanangu. Mimi ndiye baba yake mdogo, nimemshonea nguo zake zote tangu za jando.

Nikarudi, kofia nyingine kichwani. Nikajitambulisha: baba wa Latifo. Dona Belmira akavua miwani. Akauliza kama jana sikuwa baba wa Nazira. Nikasema ndiyo, na leo pia. Nikamweleza ubaba wa kwetu pwani, kwa kirefu na kwa haki kabisa.

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika kabati. Akasema basi sasa ameelewa, maana wiki iliyopita alikuja bwana mwenye pua kama yangu. Siku ya kwanza alikuwa baba wa Latifo. Siku ya pili akawa baba mkubwa wa Nazira.

Ossufo! Msaliti! Mwizi wa akili yangu kabla sijaifikiria! Kumbe alikwenda kabla hata ya benchi, na ile kumi na saba hakuiona popote!

Dona Belmira akafuta machozi, akasema kwao Mueda, ambako mtoto ni wa ukoo wa mama, angekuja mjomba, na mjomba naye angerudi mikono mitupu. Kisha akaniambia jambo baya: mwanafunzi ana haki ya kuambiwa nani ameulizia faili lake. Atawaambia wote wawili. Nikambembeleza. Nikaahidi kumshonea gauni. Akasema gauni analo.

Ijumaa, 17 Agosti. Palma.

Nimekutana na Ossufo msikitini. Tumesalimiana kwa adabu nyingi mno. Hakuuliza nilikuwa wapi, wala mimi sikumwuliza. Wateja ndio waliouliza. Nimeshona mikono ya kanzu mchana kutwa, na nadhani moja nimeitia mikono miwili ya kushoto. Mwenyewe ni mwembamba, itamkaa.

Mbuzi nimempeleka kwa shemeji. Tahadhari tu.

Jumapili, 19 Agosti. Idi!

Idi njema kuliko zote, na aibu kuliko zote.

Watoto walifika jana, wananong'onezana na kucheka. Leo baada ya swala, nyumba imejaa, Bi Awa akauliza: haya, maksi. Nikaangalia mkeka. Ossufo akaangalia dari. Latifo akasimama, akasema kwa heshima kwamba baba zao wawili wamehangaika hadi Pemba kutafuta kilicho chao wao, kila mmoja akiwa baba wa wote. Ukumbi ukalipuka. Atija alicheka mpaka birika likamponyoka.

Kisha Nazira na Latifo wakamwinamia bibi yao, kila mmoja sikio lake, wakamnong'oneza. Bi Awa akasikiliza, uso ukameremeta, akapiga kigelegele ambacho sijakisikia tangu harusi yangu. Akasema maksi amezisikia na hazisemi kwa mtu. Ila mbuzi wachinjwe wote wawili. Shemeji, msaliti mwingine, akamleta wangu kabla sijakanusha kwamba ninaye.

Tumekula pilau mpaka jioni. Nazira akaja kukaa karibu yangu, akaninawisha mikono. Hana hasira hata kidogo. Akasema kilicho chake anaomba kibaki chake, asipekuliwe nyuma ya mgongo. Halafu akasema taratibu: "Lakini baba, ungeniuliza mimi ningekwambia. Hata sasa."

Nampenda mtoto huyu kupita kiasi. Nikamwambia pilau imekolea viungo.

Jumanne, 21 Agosti. Ndani ya gari, tumepita Mocímboa.

Jana Ossufo alikuja nyumbani, mara ya kwanza bila kujisifu. Naye mwanawe amemwambia aulize tu. Tukatazamana. Nimwulize mtoto wangu mwenyewe, nionekane sijui? Yeye naye hawezi. Tukakumbatiana kama zamani. Ndugu ni ndugu!

Mpango huu hauna kasoro. Dona Belmira aliweza kumkataa baba mmoja mmoja. Baba wawili kwa pamoja, wenye kanzu mpya, hataweza.

Nazira amekaa kiti cha mbele yangu, Latifo pembeni yake, wanarudi chuoni. Mimi na Ossufo tumejifunika shuka moja mpaka machoni. Joto kali. Sasa hivi Nazira amegeuka, akapitisha chupa ya maji chini ya shuka, akasema kwa sauti ya mtu anayesubiri: "Baba, kuna unachotaka kuniuliza?"

Nimebadilisha sauti. Nimemwambia amenifananisha.