Ombi la Kumfukuza Mke Wangu Sokoni

Ndugu Mwenyekiti wa Soko la Kazi za Mikono,

Pole na majukumu. Mimi ni fundi wa magari, mume halali wa yule mama muuza sabuni anayekaa kati ya msuka vikapu na mchonga vijiko. Kwa heshima na taadhima, naomba umfukuze. Sababu zangu ni hizi:

1. Nyumba yangu imetekwa. Sufuria kubwa zote zimeolewa na mafuta ya nazi na magadi, hazipikiwi tena. Sabuni zinakauka juu ya kabati, chini ya kitanda na kwenye kiti changu, nami nakula nimesimama kama askari wa lindo. Nilipouliza nikae wapi, mama watoto alinijibu bila kugeuka, "Sabuni ikihamishwa mbichi inapinda, baba. Wewe hupindi."

2. Nimetakata kupita kiasi. Kila sabuni mpya inajaribiwa kwangu. Gereji, wateja wanatazama kucha zangu zinavyong'aa, kisha wananiuliza fundi yuko wapi. Dereva mmoja wa lori alikataa katakata nisiiguse injini yake, akidhani mimi ni karani. Siku hizi nikifika kazini najipaka kwanza oili chafu ndipo niaminike. Nikirudi nyumbani, nasuguliwa upya.

3. Nanukia. Asubuhi mdalasini, jioni karafuu. Nyuki wamenifuata hadi uvunguni mwa gari. Wenzangu wameniita Bibi Harusi, na jina limeganda kuliko gundi.

4. Mama mkwe alikuja kusaidia kufunga sabuni kwa utepe, siku mbili tu. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua. Sasa ndiye mkuu wa kiwanda, nami nimepangiwa zamu ya kukoroga. Nikikosea, ananisahihisha kwa mwiko.

5. Mbuzi wa jirani alikula kipande kizima, akatoka povu mtaani, watu wakaruka mitaro. Jirani, badala ya kudai fidia, alinusa mdomo wa mbuzi wake akaagiza sabuni za ukoo mzima! Mwenyekiti, tukienda hivi nchi yote itatakata, na fundi mwenye mikono ya kuaminika hatapatikana tena.

Hivyo basi, nyang'anya meza, piga marufuku mdalasini, na umrudishe mama mkwe kwake kwa ulinzi na heshima zote.

Nisalimie msuka vikapu, mchonga vijiko, mlinzi wa lango na wote wanaoniulizia.

Wako katika povu na subira,
Fundi Spana

Nyongeza: Nimekuja leo kukuletea barua hii mwenyewe, nikakuta mama watoto ametoka kidogo. Nikamshikia meza. Bwana mmoja akabonyeza sabuni, akasema eti haina tofauti na ya dukani. Sijui nini kilinipanda. Nikamwambia sabuni hiyo nimelala nayo chumba kimoja, naijua kuliko ndugu zangu, aiweke chini kwa adabu! Akanunua sita. Watu wakajaa. Mama watoto aliporudi, meza ilikuwa tupu na mimi nimepanda juu ya ndoo nahutubia. Alicheka mpaka akashikilia nguzo, na akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajalifanya tangu tuoane.

Kwa hiyo naomba meza ya pili, iwe jirani na yake. Barua hii ichane. Ukishaichana, nawa mikono. Kipande nimekuwekea humu humu ndani ya bahasha.