Mchoro Ndio Muhtasari

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba katika idara yetu hakuna tena kikao kinachochosha. Uchovu umefutwa kwa waraka, Jumatatu saa nne na robo asubuhi, na mimi mwenyewe ndiye niliyeupiga mhuri. Mimi ni Katibu wa Vikao. Wapo wanaodhani kazi hiyo ni kuagiza chai na kupanga viti. Watu hao hawajui kitu, na sina muda wa kubishana nao.

Kabla ya waraka hali ilikuwa mbaya, nisifiche. Kikao kimoja kilichukua saa tano. Mhasibu alichapa usingizi tangu kufungua kikao mpaka mengineyo. Afisa Mipango yeye alilala macho wazi, kipaji alichokipata baada ya miaka ishirini ya utumishi uliotukuka. Mimi niliandika muhtasari: "Wajumbe walijadili kwa kina." Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi mno. Siku moja niliiandika kwenye kadi ya harusi ya binamu yangu bila kujijua, na mpaka leo hatusemeshani.

Ndipo Mkurugenzi akaenda semina ya nje, siku nne, akarudi na begi jipya na wazo jipya.

"Huko kwa wenzetu," alisema, na kila wazo lake huanza hivyo, "mtu anasimama ukutani na kalamu za rangi. Ninyi mnaongea, yeye anachora. Hapo hapo! Mkimaliza, kikao kizima kiko ukutani. Hakuna anayelala. Watu macho kodo!"

Tukaunda kamati ya kumtafuta mchoraji wa vikao. Kamati ikakaa wiki mbili, ikatoa ripoti ya kurasa arobaini, na mwisho tukamchukua yule mama anayeandika mabango ya vinyozi na maduka ya dawa hapo mtaani. Kila mtu humwita Fundi Mabango. Nilimfanyia usaili mwenyewe.

"Una uzoefu wa kuchora mikutano?" nikamuuliza.

"Nimechora mbuzi wa buchani, nimechora meno ya daktari," akajibu. "Mkutano una nini cha ajabu?"

Usaili ukaishia hapo. Sikuwa na swali la nyongeza.

Na ukweli usemwe, jambo lenyewe lilifanya kazi. Kikao cha kwanza, Fundi alibandika karatasi nyeupe ukuta mzima, akamchora Mkurugenzi katikati, mkono juu, maneno yakimtoka mdomoni kwa rangi ya njano. Pembeni akamchora Mhasibu kama alivyomkuta: kinywa wazi, shingo imelegea. Mhasibu alipozinduka na kujiona ukutani, hakulala tena mwaka mzima. Watu walianza kuja wamechana nywele. Walianza hata kuchangia hoja, maana mwenye hoja alichorwa mkubwa zaidi.

Palikuwa na dosari ndogo ndogo, nakubali. Kikao kilichofuata, kwenye yatokanayo, Naibu Mkurugenzi alilalamikia pua yake kwa dakika arobaini. Ikaundwa Kamati Ndogo ya Pua. Ilikutana mara mbili, ikampima mhusika kwa rula, ikapendekeza pua ipunguzwe kwa robo. Fundi alipoletewa pendekezo alicheka mpaka akakaa chini, lakini alilitekeleza.

Mkurugenzi alifurahi kupita kiasi, akatoa ule waraka. Naunukuu kwa heshima: "Kuanzia leo muhtasari wa maandishi umefutwa. Mchoro ndio muhtasari. Aliyechorwa alikuwepo. Asiyechorwa hakuwepo. Lililochorwa limeamuliwa." Afisa Sheria aliinua kidole, akauliza kama hilo la mwisho ni busara. Mkurugenzi akamwambia maswali ya namna hiyo ndiyo yanayoturudisha nyuma. Kidole kikashuka.

Sasa, hapa sina budi kuzungumzia choo.

Sokoni kwetu kipo choo kipya. Milango sita, vigae vyeupe, mabomba yanayotoa maji kweli. Kilikamilika miaka mitatu iliyopita na kikafungwa kwa kufuli siku hiyo hiyo, kwa sababu kilikuwa kinamsubiri Mgeni Rasmi aje akifungue, na Mgeni Rasmi ana shughuli nyingi. Ufunguo ulikaa mfukoni kwa Mkurugenzi, kwani hakumwamini mtu. Suala la choo lilifika kikaoni mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja wajumbe walijadili kwa kina, wakaahirisha.

Dada yangu mkubwa anauza vitunguu kwenye soko hilo, meza yake inatazamana na lile kufuli. Kwa miaka mitatu alikuwa hanywi maji akiwa kazini. Anatoka nyumbani alfajiri, anarudi jioni, hatii hata tone mdomoni. Wenzake wote vivyo hivyo. Choo cha karibu kiko kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara, na mlinzi wa pale huwafukuza akina mama mbele ya watu, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika katika taarifa hii.

Juzi kati akaanguka pale pale kwenye vitunguu vyake. Alilazwa siku tatu. Daktari akasema figo zimeanza kulalamika, na akiendelea kujikausha hivyo zitagoma kabisa, na zikigoma basi tena. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake na shati langu la ofisini.

"Mdogo wangu," akaniambia, "si wewe ndiye mpiga mihuri? Kipigie mhuri na kile choo basi."

"Dada, suala liko kwenye mchakato."

Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa kazini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliumia, na nasema wazi kwamba niliumia, ingawa hiyo si lugha ya ofisi.

Kikao cha kumi na mbili makao makuu waliagiza kifanyike sokoni kwenyewe, "kwa kuwashirikisha wadau". Wadau walikuja, wakakaa juu ya makreti yaliyopinduliwa, dada yangu mbele, bado amekonda kwa ugonjwa. Fundi akabandika karatasi yake kwenye ukuta wa choo, maana ndio ukuta pekee uliokuwa safi. Saa nne ikafika, Mkurugenzi hayupo. Saa nne na nusu simu yangu ikaita.

"Katibu, leo sifiki. Nina dharura ya kitaifa." Nyuma ya dharura hiyo nilisikia nyundo, na mtu akipaza sauti, "Kokoto zimwagwe wapi, mzee, huku au uani?"

"Pole sana, mkubwa. Tuahirishe?"

"Uahirishe nini? Makao makuu wanataka kuona nilihudhuria. Mwambie fundi anichore."

"Akuchore ukifanya nini, mkubwa?"

"Nikiwa katikati. Mkubwa kuliko wengine. Natoa uamuzi."

"Uamuzi gani?"

"Ebo! Katibu, usinichoshe na mambo madogo. Wowote! Ila wananchi waonekane wamefurahi." Simu ikakatika.

Agizo ni agizo. Nililifikisha kwa Fundi neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza. Akauma kifuniko cha kalamu, akawatazama wale akina mama kwenye makreti.

"Hawa wafurahie nini?"

"Agizo linasema wafurahi."

"Bwana Katibu, mimi si mchawi. Nikimchora mtu anacheka bila sababu, mdomo utacheka lakini macho yatakataa. Nipe sababu. Ajenda ya leo nini?"

"Ipo moja tu. Choo."

"Haya," akasema, akafungua kalamu.

Ningependa ieleweke kwamba mimi sikumshauri lolote. Mimi nilikwenda kushughulikia chai. Niliporudi, Mkurugenzi alikuwa amesimama ukutani, mrefu kuliko mlango, kavaa suti ambayo sijawahi kumwona nayo, na kwa mikono miwili anamkabidhi dada yangu ufunguo. Mlango wa choo uko wazi nyuma yao. Akina mama wamerusha mikono hewani, na macho yao, wallahi, yanacheka. Watu sokoni wakasogea kuutazama ule mchoro. Dada yangu akaugusa ufunguo kwa kidole, wino ukamchafua.

Nikapiga mhuri. Ningefanyaje? Jioni hiyo hiyo mchoro ukaenda makao makuu.

Makao makuu walipendezwa mno. Wiki mbili hazikupita, Mkaguzi Mkuu akatufikia, mama mfupi mwenye miwani mizito na viatu vya kutembelea, mchoro wetu kaukunja chini ya kwapa. Anataka kukiona choo ambacho Mkurugenzi amewafungulia wananchi bila kusubiri sherehe. Anataka kumpongeza.

Mkurugenzi alikuwa hajauona mchoro. Yeye huwa hatazami mihtasari, hata yenye picha. Alipoonyeshwa, rangi ilimtoka. Lakini ni mtu mzoefu. Alimkalisha mgeni ofisini tangu saa tatu mpaka saa sita, akimkaribisha chai, maji, chai tena, akitumaini atachoka aondoke. Kwa adabu ya mwenyeji naye alikuwa akinywa, kikombe kwa kikombe. Mkaguzi hakuchoka. Saa sita na robo akasimama, akasema, "Twende sokoni."

Tukaenda. Kufuli lilikuwa linaning'inia mahali pake.

"Mkurugenzi," Mkaguzi akaufunua mchoro mbele ya umati, "hapa unakabidhi ufunguo."

"Mheshimiwa, hiyo ni... ni lugha ya picha tu. Ni taswira."

"Waraka wako unasema lililochorwa limeamuliwa. Nimeusoma mara mbili. Sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi niambie kitu kimoja. Siku hiyo ulikuwepo, au hukuwepo?"

Muuza kanda za muziki akapunguza sauti. Nilimwona Mkurugenzi akipiga hesabu zake: akisema hakuwepo, ataulizwa alikuwa wapi, na nani kapeleka makao makuu muhtasari wa uongo.

"Nilikuwepo, mheshimiwa."

"Vizuri. Ufunguo uko wapi?"

Dada yangu akasimama kutoka kwenye kreti lake. "Alitukabidhi, mama, usimwonee. Halafu akajisahau akaurudisha mfukoni. Si unajua wakubwa, wana mengi kichwani."

Mkurugenzi akatia mkono mfukoni taratibu, akautoa. Dada akaupokea kwa mikono miwili. "Ahsante, baba. Mungu akuzidishie." Kufuli liligoma mara mbili, la tatu likaachia, na vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika mpaka kituo cha mafuta. Dada yangu akaagiza chupa ya maji. Akainywa yote akiwa amesimama, mchana kweupe, mpaka tone la mwisho. Machozi yalinilenga. Nikasingizia vitunguu.

Kisha ikapangwa foleni. Upande wa wanawake ulijaa, na upande wa wanaume nao akina mama wakauchukua bila kusoma maandishi ya mlangoni, wala hakuna mwanamume aliyethubutu kuwasomea. Dada yangu aliwapisha wazee wote, akajikuta mwisho.

Hapo ndipo chai ya tangu saa tatu ilipomkumbuka mwenyewe. Mkurugenzi alianza kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Akakaza koti, akaelekea moja kwa moja mlangoni na mwendo wa mtu mwenye cheo.

"Aa-aa!" mama wa mchicha akamzuia kwa kiganja. "Foleni, baba. Inaanzia kule."

"Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Tunakujua. Si wewe ndiye uliyetufungulia? Foleni inaanzia kule."

Akamtazama Mkaguzi. Mkaguzi alikuwa anafuta miwani. Akanitazama mimi. Nilikuwa na kazi ya kuhakiki akidi. Basi akarudi nyuma, akasimama nyuma ya dada yangu, magoti yamebana, jasho linamtiririka. Mkaguzi akaagiza ufunguzi huo uwekwe kwenye kumbukumbu, na Fundi akabandika karatasi mpya, akafungua kalamu, akaanza na foleni. Alipofika mwisho wake akasita, akageuka.

"Mkubwa," akauliza kwa heshima zote, "leo nikuchore upo au hupo?"

Mkurugenzi akautazama mlango, akaitazama foleni yote iliyo kati yake na mlango.

"Nichore niko mbele," akasema kwa sauti nyembamba.

Fundi akamchora mbele kabisa, mguu mmoja umeshaingia ndani, uso umejaa raha. Mimi nikapiga mhuri. Mkurugenzi mwenyewe alibaki pale pale nyuma ya dada yangu, na mbele ya dada yangu walikuwepo akina mama thelathini na wawili.