Chayen na Majani ya Mama Mkwe

Jumamosi, 6 Agosti
Saa kumi na mbili asubuhi spika ya kijiji imekohoa. Mkuu wetu wa kijiji, Mzee Prasoet, hutukoholea kwanza, kisha hutupigia wimbo wa mo lam, muziki wa mashambani kwetu, wa ujana wake, kisha hutangaza. Leo: ng'ombe kapotea, chanjo ya kuku, na nani hajaja kufyeka mfereji. Chayen akainua pua juu, akalia naye mwanzo hadi mwisho. Uuuuu! Mbwa wa rangi ya chai ya maziwa, kilo kumi na mbili, sauti ya fahali. Mwanangu Khaofang akaamka. Ana miezi mitano na alikuwa amelala saa moja tu. Akalia. Nami nikalia. Tukawa kwaya.

Mama mkwe akasema imetosha. Mbwa akilia vile anaona mizimu, na nyumba yenye mtoto mchanga haitaki wageni wa namna hiyo. Ijumaa anapeleka chakula cha watawa hekaluni. Chayen atakwenda naye, wala hatarudi naye. Hekaluni wamejaa mbwa walioachwa na watu wenye huruma kama yeye. Nikamwambia, Mama, huyu nilikuja naye siku ya harusi. Akasema hata kabati nilikuja nalo, na mchwa wamelila.

Nina siku sita.

Jumapili, 7 Agosti
Sokoni. Saa mbili wimbo wa taifa ukapigwa, kama kila asubuhi na jioni, wote tukasimama wima. Na mbwa wa Lamyai, pudo mweupe mwenye fulana, akakaa kimya kama picha. Lamyai ni jirani yangu. Tulisoma darasa moja, na tangu hapo hajaacha kunishinda mbele za watu. Sasa anauza mafuta ya bangi ya kutuliza wanyama. Chupa ina picha ya paka anayetabasamu. Matone mawili, anasema, na mbwa anakuwa mtawa. Kisha kwa sauti ya soko zima: "Eti shoga, wako bado ni mwimbaji?" Wanawake wakacheka. Nikasema ndiyo, namfundisha ubeti wa pili.

Sikununua. Utulivu wa Lamyai simezi, wala mbwa wangu hamezi.

Na kwa nini ninunue? Tangu sheria ilegee, mama mkwe anapanda bangi kama mchicha. Vyungu vitatu kando ya pipa la maji. Majani huyatia kwenye supu ya kuku kwa ajili ya mgongo, halafu hulala kama gogo. Nilisimama mbele ya vyungu vile na akili yangu ikafanya kazi kwa mara ya kwanza tangu nijifungue.

Jumatatu, 8 Agosti
Mpango wa kwanza. Majani mabichi matatu, nikayatwanga, nikayachanganya na wali wa kunata. Chayen alikula wali, majani akayaacha ukingoni mwa sahani. Nikayaficha ndani ya ini la kuku. Akameza bila kutafuna. Nikangoja. Jioni spika ikapiga wimbo wa taifa, naye akaimba vizuri kuliko asubuhi. Hata pumzi ilikuwa imeongezeka!

Mama mkwe akauliza nani anachuma majani yake. Nikasema viwavi. Akasema viwavi wa siku hizi wana maendeleo, wanatumia mkasi.

Jumanne, 9 Agosti
Asubuhi. Nimegundua kosa. Mama mkwe huyapika kwa mafuta. Mimi nimempa mgonjwa saladi. Leo ni majani na yale maua yenye kunata, ya chungu cha kati chote, kwenye mafuta ya nguruwe, moto mdogo, mpaka mafuta yawe ya kijani. Harufu nitasema ni nepi.

Saa tisa alasiri. Kala yote. Kalamba sahani. Kalamba na sakafu.

Saa kumi na moja. Amesimama amepanua miguu kama meza. Anayumba. Nimepunga mkono kumfukuzia nzi, akaruka kama nimempiga. Anajikojolea huku anatembea, wala hajui.

Saa kumi na mbili. Wimbo umepigwa. Kimya! Mama mkwe katoa kichwa dirishani, kasema kumbe mbwa ana adabu. Nimefurahi kwa muda wa wimbo mzima.

Kisha nikamwita na hakugeuka. Nikamwekea mkono kifuani. Moyo unapiga, unangoja, unapiga. Masikio ya baridi. Nikamwambia mama mkwe kwamba Chayen amechoka tu. Mama mkwe akamtazama mbwa, akanitazama mimi, akatazama chungu cha kati. Akachukua ufunguo wa pikipiki.

Jumatano, 10 Agosti
Jana usiku sikuweza kuendelea kuandika. Tulikwenda mjini wilayani, mama mkwe akiendesha, Khaofang kifuani mwangu, Chayen kwenye beseni la kufulia katikati yetu. Njia nzima nilimshika kichwa kisining'inie.

Daktari wa mifugo, Waraphon, ni mdogo kuliko mimi. Akauliza amekula nini. Nikasema chura wa sumu. Akauliza mbona hana povu. Nikasema nimemfuta. Akavua miwani. Akasema, dada, mimi si polisi. Kila wiki naletewa wawili watatu waliokula chura, na wote wana macho haya na mwendo huu. Niambie ukweli na kiasi, nijue pa kuanzia.

Mama mkwe akajibu kabla yangu: chungu cha kati chote, kwa mafuta ya nguruwe. Kumbe alijua tangu mchana. Alidhani nampikia yeye.

Wakamtundikia dripu, wakamfunika blanketi la moto. Daktari akanieleza polepole, kama mtu anayemvalisha mtoto viatu. Kile kinachomlevya mtu kwenye bangi, mbwa humzamisha. Ubongo wake unakipokea kwa nguvu zaidi, na mwili wake ni mdogo. Mabichi hayana nguvu sana. Ukiyapika kwa mafuta ndipo unaamsha shetani. Wengi hupona kwa siku moja au mbili wakiwahishwa. Wachache hawaponi. Hapo nikamwuliza kama Chayen ni wa wengi au wa wachache. Akasema nimwulize asubuhi.

Mama mkwe alikaa chini akimsugua nyayo, akimnong'oneza asife leo, ana miadi Ijumaa. Sauti yake haikuwa sawa. Nilijifanya nashughulika na nepi.

Nikauliza pia kuhusu mafuta ya Lamyai. Daktari akasema ndani ya bangi kuna kitu kingine kisicholevya. Watafiti wanakijaribu kwa mbwa wenye maumivu ya viungo na kifafa, na kwa wengi kinaelekea kuwa salama kikipimwa. Hata hicho huweza kuwaharisha na kulisumbua ini. Na chupa isiyo na karatasi ya maabara, hakuna ajuaye ina nini, hata paka aliyechorwa juu yake. Nikasema lakini pudo wa Lamyai ametulia. Akasema pudo yule ni mgonjwa wake, ni mzee, huu mwaka wa tatu hasikii kitu.

Kiziwi! Nilifurahi mpaka nikasahau kuona aibu.

Asubuhi hii daktari amepiga simu. Wa wengi.

Alhamisi, 11 Agosti
Chayen amerudi. Anatembea kwa mstari, anakunywa maji, anatuonea haya. Nimemwahidi daktari: si jani, si tone, si hata sufuria ya kulamba. Mama mkwe amepandisha vyungu juu ya paa la choo. Nimemwogesha Chayen kwa sabuni ya Khaofang na kumwomba msamaha akiwa na povu kichwani.

Jioni wimbo ulipopigwa alijaribu. Ikatoka sauti ndogo, kama mlango usiotiwa mafuta. Mama mkwe alisikia. Nikamwambia, Mama, tumsamehe. Akasema neno likishatoka limetoka, na kesho ni Ijumaa.

Ijumaa, 12 Agosti
Aliondoka alfajiri na kapu la wali na Chayen kwenye kamba. Nilisimama langoni na Khaofang. Sikuweza kupunga mkono.

Saa nne akarudi. Kwenye kamba: Chayen. Nyuma ya Chayen: kijibwa cheusi kisicho na sikio la kushoto.

Anasema kengele ya hekalu ilipolia, mbwa arobaini waliimba, na wetu akaingia kati kama amezaliwa humo. Mtawa mkuu akamwambia, mama, kwaya imejaa. Anayeleta mmoja aondoke na watatu. Mama mkwe akapatana naye mpaka akashuka hadi wawili: wake mwenyewe na mmoja wa nyongeza. Nimemkumbatia. Akasema nimwache, nanuka maziwa.

Ameniapia kuwa kijibwa si mwimbaji. Jioni tukajua. Ni mwimbaji wa sauti ya pili. Khaofang kaamka. Mama mkwe kasikiliza mpaka mwisho, kasema angalau wanapatana.

Jumamosi, 13 Agosti
Hakuna tena anayekwenda hekaluni. Neno la mama mkwe. Namshukuru.

Lakini saa kumi na mbili spika imekohoa, mbwa wawili wameitikia, na mtoto hajalala mpaka sasa. Namnyonyesha na kuwaza maneno ya daktari. Mwili wa mbwa si wa mtu. Tatizo ni udogo. Kweli kabisa. Wiki nzima nimemtibu asiye mgonjwa! Mzee Prasoet ni mtu, ana kilo tisini, na supu ya kuku haikatai.

Ngazi ya kufikia paa la choo ipo nyuma ya banda. Nimeahidi kuhusu mbwa, na ahadi nitaitunza. Kuhusu wakuu wa vijiji daktari hakusema neno.