Mgonjwa wa Kupangwa

Jumapili, 3 Mei 1998

Niwie radhi, shajara yangu. Tangu Krismasi sijakugusa. Si uvivu. Ni zamu za wodini, watoto wanaochagua kuzaliwa alfajiri, na hofu. Hofu hasa.

Hali yenyewe ni hii. Mwezi huu jopo la walimu litaamua iwapo ninapanda mwaka wa tatu, mwaka wa mwisho wa kufuzu udaktari wa familia katika hospitali yetu ya jeshi hapa Marekani. Nikishindwa, jeshi litaniondoa mafunzoni na kunipeleka kambi yoyote ya mbali, nikatibu malengelenge ya askari hadi nistaafu. Mtu mzima kama mimi! Niliyefundisha biolojia Bukoba mpaka mvi zikaanza kuota! Kanisani Hyattsville wameshaanza kuniita Bingwa. Sijawakataza.

Maarifa ninayo. Tatizo ni kamera.

Jumatatu, 4 Mei

Kamera ipo juu ya mlango wa chumba cha kliniki. Kila mwezi tunarekodiwa tukiwa na mgonjwa aliyekubali. Kisha Kanali Nia, anayetufundisha kuzungumza na wagonjwa, huitazama kanda na kupima mgonjwa ameachwa aseme kwa muda gani kabla daktari hajamkatiza. Mimi hukatiza mapema. Nifanyeje? Mgonjwa hajui kupanga maelezo. Anaanza na goti, anaingia kwa mke, anaishia kwa mbwa. Ninamsaidia tu.

Kanda ya mwezi uliopita ilikuwa aibu ya aina nyingine. Sajini mstaafu, mzee wa makamo ya baba yangu, aliingia akichechemea na kunipigia saluti. Mzee, kunipigia saluti mimi! Nikasimama, nikamwinamia, nikampisha kiti changu. Akakikalia. Nikamtibu nimesimama wima, kama mwanafunzi aliyechelewa. Kanali aliuliza kati yetu wawili mgonjwa alikuwa nani.

Kapteni Chepkoech, Mkenya wa darasa langu, alicheka hadi akashika ukuta. "Mwalimu, kwani wewe unawatibu ama unawasahihisha?" Wagonjwa wake humletea keki. Mimi sijaletewa hata limau.

Nimepewa nafasi ya mwisho. Kanda ya Alhamisi.

Jumanne, 5 Mei

Nimepata wazo! Fredy!

Fredy ni mdogo wake Leokadia, mke wangu. Ni sajini katika ghala la jeshi, kwa hiyo ana haki ya kutibiwa kwetu. Jina lake la ukoo si langu. Nani atajua kwamba ni shemeji yangu? Nilimpigia simu nikamwomba aje Alhamisi na maumivu ya kichwa ya kubuni. Nilidhani atasita. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Kijana mwema.

Jioni alikuja tukafanya mazoezi sebuleni. Yeye ataeleza kichwa, kwa Kiingereza. Mimi nitaitikia "ehe" kwa upole. Mwishoni atasema kwamba hajawahi kusikilizwa namna hii na daktari yeyote. Ila hakutulia. Alimaliza jagi zima la maji, akaenda msalani, akarudi, akaomba jagi jingine. Leokadia akasema mdogo wake amekonda. Nikamwomba asituvuruge.

Alhamisi, 7 Mei

Tumerekodi!

Fredy alianza vizuri. Kichwa hapa, kichwa pale. Nikaitikia "ehe". Ghafla akaacha tuliyokubaliana! Akaanza kueleza kwamba ana kiu isiyokatika, suruali inamdondoka, na herufi zinamchezea machoni. Nikaitabasamia kamera, nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kubembeleza mtoto, arudi kwenye kichwa.

"Lakini shemeji, haya ni ya kweli."

"Ukweli utausema nyumbani."

Akarudi kwenye kichwa. Kisha akatoa sifa zangu zote bila kukosea. Nikamwandikia dawa ya maumivu. Mlango ulipofungwa nilirukaruka kidogo. Mtu asiyejua lugha ataona nini? Tabasamu na upole mtupu.

Ijumaa, 8 Mei

Maangamizi!

Kanali Nia aliniita ofisini. Ni Mmarekani mweusi, mtu wa maneno machache. Aliiwasha kanda, akaisimamisha pale pale nilipotabasamu, akaniuliza kwa Kiswahili safi: "Kapteni, shemeji yako ameshausema ukweli wake nyumbani?"

Kumbe alisoma Kiswahili chuo kikuu, akaishi Morogoro mwaka mzima! Niliuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema aliniambia siku ya kwanza tulipokutana. Nilikuwa nazungumza.

Hakupandisha sauti. Angepandisha, ingekuwa nafuu. Baada ya kuiona kanda alikuwa amekwisha kumpigia Fredy kazini na kumwita apimwe. Kisukari. Sukari ilikuwa imepanda kiasi kwamba kipimo kidogo cha kidole kilishindwa kuisoma. Nilimkuta wodini, dripu mkononi.

Jumapili, 10 Mei

Leokadia hazungumzi nami. Sahani ndizo zinazozungumza, kwa vishindo. Sentensi aliyonipa tangu juzi ni moja: kwamba yeye ndiye aliyemtoa mdogo wake kwa mama yao, na mimi nilitaka amrudishe ndani ya sanduku kwa ajili ya maigizo yangu.

Nilikwenda wodini. Chepkoech alikuwa ameketi kando ya kitanda, mkono kidevuni, kimya kabisa. Fredy anaeleza. Mara kazi, mara macho, mara nyumba ya mama inayovuja. Bila mpangilio wowote! Na yule mwanamke anasikiliza!

Alipotoka, nilimwomba Fredy radhi. Akasema hana kinyongo. Akasema amekuwa na hofu tangu Februari, lakini kila akianza kunieleza mezani, ninamsahihisha. Nilipomwalika kliniki akawaza: pale kuna kamera, safari hii shemeji lazima atasikiliza. Ndiyo sababu alikubali upesi.

Nilikuwa na mengi ya kujibu, lakini muuguzi alinifukuza.

Jumatano, 13 Mei

Nimepewa onyo. Kanali alikuwa na haki ya kunifuta leo leo, lakini Fredy amenitetea. Basi Jumanne ijayo, Fredy atakapokuwa ameruhusiwa kutoka, atakuja kwangu tuzungumze kuhusu ugonjwa wake, mbele ya kamera. Kazi yangu ni kusikiliza. Hilo tu. Jopo litaitazama kanda hiyo.

Niliuliza nijiandae vipi. Kanali akasema maandalizi yake ni kufunga mdomo.

Chepkoech alinipa mkono na kunitakia heri. "Mwalimu, nyamaza tu. Hata ng'ombe huweza." Nimemsamehe.

Jumamosi, 16 Mei

Nimeshinda siku tatu nikilitafakari kosa langu. Leo nimelitambua. Kosa lilikuwa lugha.

Kanali amesoma Kiswahili. Kihaya chetu cha nyumbani hajakigusa!

Na ukimya si jambo la kuachia bahati. Ukimya unahitaji mpangilio. Leo alasiri, Leokadia alipokwenda sokoni, nimemkalisha sebuleni Fredy, aliyeruhusiwa jana kutoka wodini, tukaanza mazoezi. Atasita mahali nilipomwonyesha, ili nionekane nikitafakari. Akipotea, nitamrudisha njiani kwa Kihaya, polepole, kama mtu anayefariji. Akasema haya, shemeji, kama itakusaidia.

Alijitahidi. Ila katikati alianza kunieleza jambo fulani kuhusu ganzi ya miguu. Nikamwambia aliweke kwanza; miguu haimo katika mazungumzo ya Jumanne.

Usingizi sina, lakini mpango ninao. Jopo litakaa Ijumaa. Likishaamua, nitakuandikia wewe kabla sijamwambia mtu.