Kuhusu Wageni Wanaoandika Pambizoni mwa Kitabu cha Babu

Patan, Gujarat

Kwa mpwa wangu Chintan, Msimamizi wa Pambizo,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa wewe hukuniheshimu. Ulipokuwa unakipiga picha kitabu alichoandika babu yangu kwa mkono, ulisema, "Mjomba, watu watakisoma tu." Hukusema wataandika pembeni mwa kurasa zake. Naomba uzifunge pambizo kabla ya sikukuu yetu ya kusameheana, kwa sababu hizi:

1. Hiyo programu ya kompyuta mliyokiweka kitabu, inayomruhusu kila msomaji aandike pambizoni, mnaiita huria. Ni ya bure, na hata namna ilivyoundwa mmeianika hadharani ili kila apitaye aichokonoe. Nyumba isiyo na mlango mimi siiti nyumba.

2. Sisi wa dini ya Kijaini tukisoma maandiko hufunika mdomo kwa kitambaa, mate yasiruke. Pambizoni kuna mtu wa Pune anayejiita Kitunguu. Vitunguu hatuli, Chintan, na huyu ameketi ubavuni mwa maandiko. Imenibidi nifunge kitambaa mbele ya kompyuta.

3. Wanabishana. Mmoja kaandika, "Mstari wa tatu una walakini." Mwenzake kajibu, "Walakini unao wewe, kaka, vaa miwani." Wa tatu kaweka kidole gumba. Kidole, kwenye kitabu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Ukurasa wa mwisho wa kisa cha ndugu wawili waliogombana ulipotea kabla sijazaliwa. Miaka kumi na tisa nimewasomea waumini hekaluni mwisho nilioupokea, tuseme niliupokea: mkubwa anakaa kwake akingoja, mdogo anakuja kuomba msamaha. Sasa Kitunguu anauliza mbele ya dunia nzima, "Ukurasa haupo. Huyu mzee wa hekaluni huo mwisho anausoma wapi?" Watu arobaini wamemuunga mkono, akiwemo mama yako, mdogo wangu, ambaye tangu mwaka jana namngoja aje aniombe msamaha. Hekaluni nitasimamaje?

Wasalimie wote nyumbani, mmoja mmoja. Mama yako njia ya kwangu anaijua.

Ni mimi mjomba wako mwenye uchungu,
Hasmukh

N.B. Kabla sijaituma hii, Kitunguu ameweka pambizoni picha ya ukurasa aliouokota katika sanduku la bibi yake. Mwandiko ni wa babu yangu. Anayekwenda kuomba msamaha ni mkubwa, tena pekupeku. Nimeusoma mara nne. Basi usifunge pambizo, na mwambie mama yako kesho asubuhi naye asifunge mlango.