Sare ya Kifua cha Inchi Arobaini na Nne

Jumatatu, 11 Mei 1891. Ngome ya Talbott, Nebraska.
Amsler kachaguliwa tena. Mara ya tano mfululizo! Asubuhi tumesimama tisa kwenye gwaride la kubadilisha walinzi, bendi inapiga, vumbi linatuingia machoni, Luteni Haverstock anapita akikagua kifungo kimoja kimoja. Aliye nadhifu kuliko wote hufanywa tarishi wa kanali. Anapeleka barua mbili tatu, jioni yuko huru, analala kitandani kwake kama mtu. Sisi wengine tunazunguka na bunduki mpaka kesho yake. Na kila mara, nadhifu kuliko wote ni Gottlieb Amsler.

Kinachoniudhi zaidi: Amsler anavaa sare ya serikali, hii hii tunayogawiwa sote, iliyokatwa kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa. Mzee Zelenka, fundi nguo wa kombania yetu, ameifumua na kumshonea upya, basi. Mimi nimejaliwa umbo. Nguo ndizo zinaniangusha.

Nimeamua. Naagiza sare yangu mwenyewe kwa fundi wa mjini St. Louis. Kitambaa cha maafisa! Kapteni haruhusu mtindo wa ajabu, lakini kitambaa bora hakikatazi. Mshahara wangu wote wa miezi mitatu utakwenda huko, na uende salama.

Jumatano, 13 Mei.
Nimejipima. Zelenka alijitolea kunipima kwa futi yake, nikakataa. Angemwambia Amsler. Nimetumia kamba ya nyumbu, nyuma ya zizi.

Kifua kimetoka inchi thelathini na sita. Nikavuta pumzi. Thelathini na nane. Nikafikiri: fundi wa mjini akisoma thelathini na nane atamwona mtu wa namna gani? Karani wa posta! Nimeandika arobaini na nne. Tena bado nakua, nina miaka ishirini na tisa tu. Kiuno kimetoka thelathini na nne, nimeandika ishirini na tisa, maana nakusudia kuacha mikate ya maboga. Barua imeondoka na gari la saa sita.

Jumapili, 24 Mei.
Habari kubwa! Jumamosi tarehe 6 Juni kuna dansi kwenye bwalo. Sajini Geraghty alitangaza mwenyewe. Kisha, bila hata kukohoa, akasoma majina ya watakaokuwa lindoni siku hiyo. Amsler. Mimi.

Nilidhani roho itanitoka. Nikaenda mbio kwa Mama Geraghty, mkewe sajini, dobi wa kambi, nikisingizia kwamba nimefuata mashati yangu. Binti yao Honora alikuwa anapiga pasi. Honora akipiga pasi anauma mdomo wa chini, na mimi nikimwona hivyo nasahau nilichofuata. Nikamwomba dansi ya kwanza. Akasema atafikiri. Nikamkumbusha kwamba ana siku kumi na tatu za kufikiri. Akacheka, halafu akaweka pasi pembeni.

"Lemuel, mimi sichezi na mtu aliye lindoni," akasema. "Wewe na Amsler mna zamu siku hiyo, na mmoja tu atakuwa huru. Atakayechaguliwa tarishi ndiye nitakayeanza naye. Jitahidi, bwana."

Jitahidi! Amsler hajaambiwa jitahidi, nina hakika. Honora amenipendelea waziwazi. Kilichobaki ni kuchaguliwa.

Jumanne, 2 Juni.
Kifurushi kimefika! Nimekifungua kitandani, kombania nzima imenizunguka. Kitambaa cha buluu, laini, kinang'aa. Hata Amsler alikigusa, nikamwomba anawe mikono kwanza.

Nikavaa. Suruali ilihitaji watu watatu: wawili wa kuvuta, mmoja wa kunisihi nisipumue. Imekaa barabara kabisa, ila sasa siwezi kukaa mimi. Koti nalo lina nafasi kifuani ya kutosha askari mwingine, na bunduki yake.

Zelenka alinizunguka, akavuta koti huku na huku. Akasema apewe siku mbili, atapunguza koti na kuachia suruali, hataki malipo yoyote. Nikamshukuru kwa heshima, ni mtu mzima. Lakini huyu ndiye anayeshona pia mahema na magunia ya shayiri. Nimpe mkasi aikate kazi ya fundi wa St. Louis? Siwezi. Kama koti ni kubwa, dawa ni kukiongeza kifua.

Alhamisi, 4 Juni.
Siku ya majaribio. Kwanza nyasi kavu. Kifua kilikuwa cha fahari, lakini kiliwasha, na nyumbu mmoja alinifuata hadi jikoni. Kisha nywele za mkia wa nyumbu huyohuyo. Zinanuka.

Jioni mashati yangu yakarudi kutoka kwa dobi. Matatu, ya pamba, meupe pe! Yametiwa wanga kidogo, yamekunjwa kwa ustadi, na vifungo vyote vilivyokosekana vimeshonewa vipya, jambo ambalo Mama Geraghty hajapata kulifanya tangu nimjue. Niliyashika mkononi, na hapo hapo nikapata wazo. Ulaini ule! Nikachukua mkasi.

Mashati mawili na nusu yameingia kifuani. La tatu nimebakiza kola na ncha za mikono tu, maana hizo ndizo zinazochungulia nje. Katikati hakuna kitu. Nani ataona?

Zelenka alipita akaniuliza ndani nitavaa nini. Nikamweleza kwamba gwaride ni mambo ya nje. Akasimama kidogo, sindano mdomoni, akarudi kwenye cherehani yake.

Ijumaa, 5 Juni.
Siku bora kuliko zote tangu niandikishwe jeshini. Nilivaa sare nikaenda dukani kuizoesha upepo. Kuruta mmoja, wa juzi tu, akaona kitambaa, akaona kifua, akasimama wima akanipigia saluti! Nikamrudishia. Nikamuuliza anatoka wapi, nikamtakia kheri. Nilitamani kumpa cheo.

Amsler aliona yote. Akasema nimependeza, na kwamba kesho atafurahi kusimama karibu nami. Sauti yake haikuwa na wivu hata kidogo. Anaficha vizuri.

Kesho, Honora. Nimefanya mazoezi ya dansi nimesimama. Magoti hayakunjiki, lakini nitateleza.

Jumamosi, 6 Juni.
Naandika nimesimama, chumba cha walinzi, karatasi nimeiegemeza ukutani.

Mambo yalianza vizuri mno. Ili suruali isipate mkunjo na viatu visipate vumbi, wenzangu wawili walinibeba juu ya ubao kutoka bweni hadi uwanjani, nimesimama wima, bunduki begani. Nimewaahidi mikate yangu ya maboga kwa wiki mbili. Wanawake wa kambi walikuwa wamejipanga pembeni kutazama gwaride kama kawaida yao, na Honora alikuwa mbele, karibu na mama yake. Nilipotua alipiga makofi. Mimi! Alinipigia mimi!

Luteni akaanza ukaguzi. Akapitisha glavu nyeupe kwenye bunduki, haikuchafuka. Akatazama vifungo, viatu, kola. Mmoja mmoja wakaambiwa warudi nyuma. Tukabaki wawili: Amsler na mimi. Luteni akanitazama mimi, akamtazama yeye, akanirudia mimi. Akasema hajapata kuona koti kama hili kwa askari wa kawaida. Moyo ulinidunda hadi nikaogopa pamba itahama.

Kisha akasema, polepole kama anaomba chumvi, "Siwezi kuwatofautisha. Fungueni makoti."

Nilidhani ni utani. Amsler akafungua lake. Ndani, shati jeupe, safi, limenyooka. Mimi nikamwomba Luteni ruhusa ya kubaki nimefunga, kwa sababu ya mafua. Akarudia amri. Nikafungua kifungo cha kwanza. Cha pili kilifunguka chenyewe. Vilivyobaki vikafuata vyote kwa mpigo, na mashati yangu yakatoka. Hayakuanguka, yalitoka! Kipande baada ya kipande, upepo ukayachukua, yakaruka uwanja mzima, moja likamvaa mpiga ngoma usoni na bendi ikanyamaza. Mimi nimebaki na kola, ncha mbili za mikono zisizoshikana na chochote, na kitovu.

Luteni alitazama kitovu hicho kwa muda. Akasema, "Amsler, tarishi." Akaondoka haraka, mabega yanamtikisika.

Nilimtafuta Honora kwa macho. Alikuwa ameokota kipande kimoja. Alikishika mbele yake kwa mikono miwili, na hakuwa anacheka.

Jioni nilipangiwa lindo la rundo la kuni, hatua hamsini kutoka bwaloni. Nilisikia fidla zote. Nilisikia miguu. Sajini akatangaza jozi ya kwanza, nami nikajifanya nahesabu magogo. Niliumia, sitaki kusema uongo kwenye karatasi yangu mwenyewe. Kisha ukafika muda wa kupumzika, wenzangu wakakaa, mimi nikaegemea ukuta.

Jumapili, 7 Juni.
Honora amekuja! Alinikuta nje ya bweni, kapu la nguo kiunoni. Nikaanza kumweleza kuhusu upepo wa Nebraska. Akaniambia ninyamaze.

"Wewe hujui kwamba Luteni akishindwa kuwatofautisha wawili huwaamuru wafungue makoti?" akauliza. "Baba kanisimulia mara mia. Mashati yale niliyafua mimi, siyo mama. Nilishona vifungo, nikakaa na pasi siku nzima, ili ukifungua koti umshinde Amsler. Wewe ukayakata."

Nikamuuliza kama alifurahia dansi. Akasema Amsler anacheza kama anayepanga matofali, na kwamba muda wote alikuwa akitazama dirishani upande wa kuni.

Upande wa kuni! Nilitaka kurukaruka, suruali ikanizuia, maana bado haijakubali kuvuliwa.

Akasema tarehe 4 Julai kuna dansi nyingine, na baba yake ameniweka tena zamu na Amsler. "Kesho mnagawiwa mashati mapya ya serikali," akasema. "Niletee moja. Moja tu, Lemuel. Nitalinyoosha, utalivaa, na suruali hiyo mpe Mzee Zelenka. Sitaki zaidi ya hapo. Unanisikia?"

Nikamwambia namsikia. Akaniachia tabasamu, akaenda. Nilisimama pale mpaka filimbi ya chakula, nimejaa furaha tele. Binti huyu ananipenda!

Jumatatu, 8 Juni.
Sikulala. Nilikuwa nawaza maneno ya Honora. Shati! Siri yote ilikuwa shati!

Lakini nikajiuliza, hivi msichana wa namna ile, aliyeshinda na pasi kwa ajili yangu, nimtokee na shati la serikali? La kugawiwa ghalani, sawa na la kila mtu? Ni aibu. Yeye ni mnyenyekevu, hawezi kuomba kikubwa. Mwanamume lazima aelewe kisichosemwa.

Kuna fundi Chicago anashona mashati ya hariri. Nimemwandikia asubuhi hii hii. Malipo ya mwanzo nimeyapata kwa bahati ya ajabu: yalipogawiwa tu mashati mapya, Amsler akaja akaniuliza kama ninayauza. Nimempa yote matatu! Alinishukuru mara mbili, yeye ambaye hajawahi kumshukuru mtu, kisha akayabeba moja kwa moja kwenda kwa Honora yapigwe pasi. Nimemwonea huruma. Anadhani amepata.