Kitana Kilichopotelea Mnadani

Jumapili, 11 Januari

Theluji. Radi mchana. Daktari Isogai amesema moyo wangu hautaiona micheri ikichanua maua mwezi Aprili. Alisema kwa upole mno hata nikamshukuru, kana kwamba amenipa zawadi. Basi niseme kweli, angalau humu: mwandishi wa barua zile ni mimi.

Mimi, Kuwabara Eikichi, miaka themanini na sita, mwalimu mstaafu wa fasihi ya kale katika shule ya wasichana hapa Kanazawa, huwaandikia barua pepe wauzaji wa mnada wa mtandaoni. Najifanya ofisi ya mnada. Nawaambia akaunti yao imefungwa, waingie ukurasa fulani, waandike neno lao la siri. Ukurasa ni wangu. Niliujenga kwa siku kumi na tisa. Darasa la kompyuta la wazee halikupotea bure!

Ufundi niliupata kwa kulizwa. Mwaka juzi nililetewa barua ya namna hiyo hiyo. Makosa kumi na moja ya sarufi. Nikaichapa, nikaisahihisha kwa wino mwekundu, nikaipa maksi thelathini. Kisha nikawapa neno langu la siri.

Sitaki mali ya mtu. Nataka kitana cha marehemu mke wangu, Fusae. Vuli iliyopita niliuza mnadani meza yake ya kujipambia, ile ya kioo, ili mashine ya oksijeni ipate mahali. Kitana kilikuwa katika droo ndogo. Nikasahau! Mnada huficha majina na anwani za nyumbani za pande zote mbili; barua pepe tu ndiyo huonekana. Najua tu kwamba mnunuzi hujiita Hagi, na kwamba naye ni muuzaji. Nimemwomba mara tatu anirudishie, nikimweleza na sababu. Kimya.

Kitana ni cha mbao. Kinaruhusiwa kuingia motoni maiti inapochomwa. Nakitaka mkononi mwangu, ndani ya jeneza. Siwezi kumkuta Fusae huko nikiwa mikono mitupu.

Jumanne, 13 Januari

Barua tisa za majaribio kabla ya kumkabili Hagi. Majibu sita. Maneno ya siri: sifuri.

Tatizo nalijua. Siwezi kuanza barua bila kutaja majira. Mkono unakataa. “Wakati huu theluji inapolemea matawi ya misonobari, tunatumaini afya yako ni njema.” Baada ya hapo ndipo vitisho. Mama mmoja wa Akita ameeleza kwamba kwa miaka ishirini mnada haujawahi kumjulia hali, na kwamba amelia. Kisha aya nne kuhusu magoti yake. Goti la kushoto ndilo baya zaidi.

Jumatano, 14 Januari

Michiru alikuja, binti wa dada yake Fusae. Huja kila Jumatano. Nasikia anafanya kazi ya usafi. Leo alipiga picha kila kitu kwa simu. Nikauliza za nini. Akasema za bima, na baba mdogo naomba usitingishike. Akapima dawati langu mkono wangu ukiwa juu yake. Alipofika kwenye kiti nilichokalia, alisita, akapiga hivyo hivyo.

Jirani yangu Hirooka, mkuu wa stesheni mstaafu, akaita kutoka uani kwake huku akizoa theluji kwa sepetu. Alitaka kujua kama mwalimu bado yupo. Nikajibu kwamba nipo. Akasema vizuri, na ubao wa go je, ule wa kuchezea kete, bado upo? Miaka thelathini anaumezea mate ubao ule!

Alhamisi, 15 Januari

Saa nne asubuhi nilimwandikia Hagi. Theluji, misonobari, afya, vitisho.

Saa tisa alasiri ukurasa wangu ulilia kengele. Hagi ameandika neno lake la siri.

fusae0917.

Jina la mke wangu. Siku aliyokufa.

Mashine ya oksijeni ilivuta pumzi. Mimi sikuvuta. Sikugusa kompyuta tena.

Ijumaa, 16 Januari

Nimeingia.

Matangazo thelathini na mawili, tayari, hayajatolewa hadharani. Dawati langu. Miavuli yangu. Kamusi zangu. Juu ya kila moja: “Kutoka nyumba ya marehemu Mwalimu Kuwabara.” Na taarifa ya msiba: ametutoka Januari, tarehe... Hapo patupu.

Picha ya kiti. Nilikuwa nimekaa hapo! Jumatano, saa tano, nikiwa na sweta ya kijivu. Kwenye picha hakuna mtu. Mto umebonyea katikati.

Niliinuka nikajitazama kiooni. Nipo. Nikarudi kwenye picha. Sipo.

Ubao wa go: “Mzee Hirooka ameshauomba.” Mwizi!

Na mwisho kabisa, kitana cha Fusae. “Hakiuzwi. Kiwekwe katika mkono wake wa kulia.”

Nilisahihisha koma mbili katika taarifa ya msiba wangu.

Jumatano, 21 Januari

Michiru alikuwa hajavua hata viatu akauliza kama nimeshaona. Kumbe Hagi ni yeye. Usafi anaofanya ni wa nyumba za waliokufa. Alinunua meza ya kioo kwa sababu hakuweza kuvumilia kuiona ikienda kwa mgeni. Matangazo aliyatayarisha mapema, akashindwa kuniambia usoni. Barua yangu ilipofika akaona bora anipe neno la siri nijionee. Nikauliza alijuaje ni yangu.

“Baba mdogo, tapeli gani anayejulia watu hali?”

Na kwenye kiti, mbona sipo? Simu yake hufuta watu, akasema. Wanunuzi hawapendi kiti chenye mtu.

Akatoa kitana mkobani. Unywele mmoja mweupe bado umo. Nilikishika mpaka chai ikapoa. Akakichukua tena, akisema atanipa mwenyewe siku ile. Lakini nikituma barua moja zaidi, kitana kinakwenda mnadani. Nikaapa. Niliapa juu ya kitana chenyewe!

Alhamisi, 22 Januari

Hirooka huuza mnadani koleo kuukuu za kutobolea tiketi. Ana akaunti, basi ana neno la siri. Nikilipata, nitamwandikia Michiru kwa jina la Hirooka kwamba haoni tena haja ya ubao wa go. Barua moja tu.

Kosa langu lilikuwa theluji. Hirooka nimemwandikia habari za upepo.

Saa nane akaita kutoka ng'ambo ya ukuta: “Mwalimu! Mnada unaniuliza kama upepo wa baharini unanisumbua kifua! Wewe hawajakuuliza?”

Nikajibu kwamba mimi hawajanijulia hali.

Saa tisa nilifungua ukurasa wa Hagi. Kitana bado kipo mwisho wa orodha. Hakiuzwi. Ahsante! Chini yake kuna mstari mpya: “Baba mdogo, nimesikia kwa Mzee Hirooka kuhusu upepo. Ni mara ya mwisho.”

Tarehe yangu bado haijajazwa.

Kesho nitajaribu ukungu.